Bei ya Mgongo: Historia ya Fidia ya Ajali Kazini Kariakoo na Katikati ya Dar es Salaam

Mwezi Julai 1884 Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ajali kazini, na hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya taifa zima iliyowalazimisha waajiri kuchangia mfuko kwa ajili ya mfanyakazi atakayeumia. Miezi minne baadaye, Novemba mwaka huohuo, Carl Peters na wenzake walivuka kutoka Zanzibar hadi bara, wakazunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami wakiwawekesha machifu alama kwenye mikataba. Matukio hayo mawili hayakuhusiana wakati ule. Hata hivyo, anayetaka kuelewa kwa nini kuli wa Kariakoo akivunjika mguu leo huchangiwa na wenzake badala ya kulipwa fidia itambidi aanzie hapo, kwa sababu Wajerumani walifika pwani yetu wakiwa tayari wanajua jibu la swali hilo.

Kabla ya sheria ile, mfanyakazi wa Ulaya aliyekatwa mkono na mashine alikuwa na njia moja tu: kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba mwajiri wake alizembea. Wachache waliweza. Mwajiri alijibu kwamba mfanyakazi mwenyewe hakuwa makini, au kwamba aliyemuumiza ni mfanyakazi mwenzake, au kwamba hatari ilijulikana tangu siku ya kwanza na yeye akaikubali. Wajerumani waliyakata mabishano hayo. Waajiri wa fani moja waliunganishwa katika chama cha lazima, wakachangia mfuko mmoja, na aliyelemaa kabisa akalipwa theluthi mbili ya ujira wake bila kuulizwa kosa lilikuwa la nani. Kwa kuwa fedha zilitoka mifukoni mwao, waajiri hao walianza kutunga kanuni za usalama, kutuma wakaguzi, na kuwatoza zaidi wenye karakana za hatari. Uingereza ilifuata mwaka 1897, lakini kwa mtindo mwingine: kila mwajiri alibaki na dhima yake peke yake, akitaka akate bima, asipotaka asikate. Tofauti hiyo, ya mfuko wa pamoja dhidi ya dhima ya mwajiri mmoja mmoja, ilikuja kutawala maisha ya wafanyakazi wa Dar es Salaam kwa zaidi ya nusu karne.

Mji huu, ulioasisiwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, ukawa makao makuu ya koloni la Wajerumani mwaka 1891. Mwaka 1905 ilianza kujengwa reli ya kati, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Maelfu ya Waafrika walivunja mawe, walibeba mataruma na kuchimba njia. Sheria ya 1884 haikuwafikia. Sababu haikuwa kutojua, maana maofisa wa koloni walitoka katika nchi iliyoitunga. Sababu ilikuwa bei ya kazi: mtu aliyeletwa kwa nguvu au kwa kodi aliweza kubadilishwa na mwingine kesho yake, na kuumia kwake hakukumgharimu mwajiri chochote. Gharama ya fidia hupungua kwa njia mbili. Unaweza kuzuia majeraha, au unaweza kuacha kuyahesabu. Koloni lilichagua njia ya pili, na historia inayofuata ni historia ya ugumu wa kuiacha.

Waingereza waliuteka mji Septemba 1916. Magharibi ya Mnazi Mmoja, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameanza kupanga makazi ya Waafrika na kujenga soko, jeshi la Waingereza likaweka kambi ya wapagazi, ile ambayo eneo la Kariakoo limerithi jina lake. Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa kwa migongo ya watu. Mbung'o waliua wanyama wa kubeba mizigo, barabara zilizama wakati wa masika, na chakula, risasi na dawa vilisafirishwa vichwani na mabegani. Hesabu rasmi za wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee zinazidi 40,000, na watafiti wengi huamini kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Walioangushwa na risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, njaa na uchovu. Kwa lugha ya sheria ya leo tungesema walikufa kwa magonjwa yatokanayo na kazi.

Vita vilipokwisha, zilibaki daftari zenye mishahara ya marehemu ambayo hakuna aliyekuja kuidai, ama kwa sababu ndugu hawakujua, ama kwa sababu majina yaliandikwa vibaya na vijiji havikutajwa. Mjadala kuhusu fedha hizo uliendelea katika ofisi za serikali hadi miaka ya 1930, na familia hazikulipwa. Mwaka 1927 liliwekwa sanamu la Askari katikati ya mji, na maandishi yake yanawataja wapagazi pia. Ukisimama hapo leo kwenye makutano ya Samora na Azikiwe, umesimama mbele ya malipo pekee ambayo wengi wao waliwahi kupata.

Miaka iliyofuata ilitawaliwa na Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923. Jina lake linaeleza mengi. Mtumishi aliyeacha kazi kabla ya muda wake aliweza kufungwa, ilhali mwajiri ambaye mtumishi wake aliumia alidaiwa machache sana. Mwaka 1926 serikali ilianzisha Idara ya Kazi chini ya Meja Orde Browne, ambaye alichukua kazi yake kwa uzito. Mdororo wa uchumi wa dunia ulipofika idara ikafungwa mwaka 1931, kwa hoja ya kubana matumizi. Huo ni mfano wa mapema wa jambo litakalojirudia: mkaguzi ndiye wa kwanza kuonekana ni gharama isiyo ya lazima.

Mabadiliko yalitoka bandarini. Hadi gati za kina kirefu zilipofunguliwa mwaka 1956, meli zilitia nanga katikati ya bandari na mizigo ikashushwa kwanza kwenye matishari, kisha ikapandishwa nchi kavu kwa mikono. Mzigo mmoja ulibebwa mara mbili au tatu, juu ya mbao zenye maji na chumvi, chini ya winchi na kamba zilizochakaa. Wengi wa waliobeba mizigo hiyo walikuwa vibarua wa kutwa, na makazi yao yalikuwa Kariakoo na Ilala. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943, na Septemba 1947 mgomo wao ukageuka mgomo mkuu ulioenea hadi vituo vya reli ya kati. Madai yao yalihusu zaidi ujira na kupanda kwa bei za vyakula baada ya vita. Lakini kibarua wa kutwa ni mtu ambaye akiumia saa nne asubuhi, saa tano hana mwajiri, na kila aliyezungumza nao alilijua hilo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Tanganyika ikapata sheria ya fidia kwa wafanyakazi, ile iliyokuja kujulikana kwa namba yake katika vitabu vya sheria, Sura ya 263. Mwaka 1950 ikafuata Sheria ya Viwanda, iliyoweka masharti kuhusu kinga za mashine, hewa, usafi na ukaguzi. Kwa nini wakati ule? Maelezo yapo zaidi ya moja. Wapo wanaotaja Shirika la Kazi Duniani, lililopitisha mkataba wa fidia ya ajali mwaka 1925 na kuendelea kuzibana nchi zenye makoloni. Wengine huangalia London, ambako Wizara ya Makoloni, ikiwa imetishwa na migomo ya migodi ya shaba ya Rhodesia Kaskazini mwaka 1935 na 1940 na ghasia za visiwa vya Karibi, ilisambaza sheria za aina moja katika makoloni mengi. Na wapo wanaoshika migomo ya Dar es Salaam yenyewe. Uganda na Kenya zilipata sheria zinazofanana katika muongo huohuo, hivyo siwezi kusema kwamba makuli wa bandari yetu waliiandika. Nadhani London ndiyo iliyotunga maneno, na hofu ya bandari ndiyo iliyoyatoa kabatini.

Sheria hiyo ilifuata mtindo wa Uingereza. Mfanyakazi hakuhitaji tena kuthibitisha uzembe, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini aliyelipa alikuwa mwajiri wake mmoja, kwa mkupuo, kwa kiwango chenye kikomo. Mwajiri makini alikata bima. Mwajiri mdogo hakukata, na alipofilisika au kuhama mji, madai yalihama naye. Jambo lingine halikuonekana mara moja: kikomo kiliandikwa kwa shilingi. Kiasi kilichoandikwa kwa shilingi ndani ya sheria hakipandi pamoja na bei za sokoni mpaka Bunge lifungue tena kitabu.

Baada ya Uhuru jambo hili liliangukia katika mikono mingi. Mwaka 1963 lilianzishwa Shirika la Bima la Taifa, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 shirika hilo likabaki peke yake katika biashara ya bima. Mwaka 1964 uliundwa Mfuko wa Akiba wa Taifa, uliogeuzwa kuwa NSSF kwa sheria ya mwaka 1997, na mafao ya kuumia kazini yakaingizwa humo kwa wanachama wake. Vyama vya wafanyakazi, vilivyokuwa na nguvu wakati wa shirikisho lao, TFL, na kiongozi wake Rashidi Kawawa, viliunganishwa mwaka 1964 kuwa NUTA chini ya serikali na chama. Kwa hiyo mfanyakazi wa kiwanda cha umma alikuwa na zahanati ya kiwanda, likizo ya ugonjwa na tawi la chama. Alihudumiwa na mwajiri, na Sura ya 263 ililala. Hilo ndilo linaloeleza kwa nini watu wachache sana walilalamika wakati viwango vyake vikioza.

Vilioza kweli. Shilingi iliposhushwa thamani mara kwa mara kuanzia katikati ya miaka ya 1980, kikomo cha fidia kilibaki pale pale: shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo. Viwango hivyo vilikuwa bado kwenye vitabu mwaka 2008, wakati dola moja ya Marekani iliuzwa kwa takriban shilingi 1,200. Maisha ya mtu yalifidiwa kwa dola zipatazo 70, karibu sawa na mshahara wa kima cha chini wa mwezi mmoja katika sekta ya biashara na viwanda.

Fikiria hesabu ya mwenye karakana ya vyuma Gerezani katika miaka hiyo. Kinga ya mashine ya kukata, miwani ya kuchomelea, glovu na viatu vyenye chuma mbele vinanunuliwa kwa fedha taslimu leo, kwa kila fundi, na vikichakaa vinanunuliwa tena. Fundi akipoteza vidole, sheria inamdai mwenye karakana kiasi ambacho hakifiki hata bei ya mashine yenyewe, tena kama fundi huyo ana mkataba, ana shahidi na anajua ofisi ya kazi ilipo. Wapo wanaosema ajali zilizidi kwa sababu ya ujinga au mazoea ya watu wetu. Sikubaliani nao. Wenye karakana walijua kupiga hesabu, na sheria ndiyo iliyofanya jeraha liwe rahisi kuliko glovu.

Wakati huohuo kazi zenyewe zilikuwa zinabadilika. Jengo jipya la soko la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa na Rais Nyerere Desemba 1975, lilikuwa alama ya uchumi uliopangwa: paa la zege lililokunjwa kama miavuli mikubwa, sehemu ya juu ya rejareja, na shimoni kwa ajili ya kushusha na kuhifadhi mizigo. Miaka kumi baadaye serikali ya Mwinyi ililegeza biashara, na mitaa iliyolizunguka soko ikaanza kulizidi soko lenyewe. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita zilibomolewa moja baada ya nyingine, na katika miaka ya 1990 na 2000 yakapanda maghorofa: chini maduka, katikati stoo, juu makazi au nyumba za wageni. Wafanyabiashara walikuja kutoka Zambia, Kongo, Malawi na Komoro. Ajira iliyofuata ilikuwa ya msaidizi wa duka asiye na mkataba, kibarua wa ujenzi, dereva wa guta, msukuma mkokoteni, na kuli. Viwanda vilivyokuwa na zahanati na tawi la chama vilifungwa au kubinafsishwa, na mwili wa mfanyakazi ukabaki na Sura ya 263.

Serikali ilianza na upande wa kuzuia. Mwaka 2001 Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulianzishwa, na mwaka 2003 Bunge likapitisha sheria mpya iliyofuta ile ya viwanda ya mkoloni. Tofauti yake ni pana: ile ya zamani ilihesabu viwanda, hii inahesabu mahali popote pa kazi, duka na stoo vikiwemo. Inataka eneo lisajiliwe, hatari zitathminiwe, wafanyakazi wapimwe afya na kuwe na wawakilishi wa usalama. Mwaka 2008 ikafuata Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, namba 20 ya mwaka huo, ambayo ilikalia kiti kilekile cha Sura ya 263 na kuligeuza jambo zima: dhima ikatoka kwa mwajiri mmoja mmoja, ikaenda kwenye mfuko wa pamoja unaochangiwa na waajiri wote. Miaka 124 baada ya sheria ya Berlin, wazo la Wajerumani lilikuwa limefika.

Lilifika kwenye karatasi. Mfuko wenyewe, unaofahamika kwa kifupi kama WCF, haukuanza kukusanya michango hadi Julai 2015, na ukaanza kulipa mafao Julai 2016. Ucheleweshaji huo umeelezwa kwa namna mbalimbali. Kanuni na viwango vilihitaji wataalamu wa hesabu za bima. Mafao ya NSSF yalifanya wengine waone hakuna haraka. Waajiri hawakuwa na shauku ya tozo mpya. Vyovyote ilivyokuwa, ndani ya pengo hilo lilitokea jambo ambalo wakazi wa katikati ya jiji hawajalisahau. Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Wengi walikuwa mafundi na vibarua waliokuwa kazini. Sheria mpya ilikuwa na umri wa miaka mitano na hakukuwa na dirisha la kupeleka madai.

Dirisha lilipofunguliwa, viwango vilikuwa vya dunia nyingine. Anayeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Aliyelemaa kwa zaidi ya asilimia 30 hupata pensheni ya kila mwezi. Asiyezidi hapo hupata mkupuo. Matibabu, utengamao, msaidizi wa mgonjwa asiyejiweza, mazishi, pensheni ya mjane na watoto: vyote vimo. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake, na ni kosa kumkata mfanyakazi. Mwanzoni ulikuwa asilimia 1 ya mishahara kwa sekta binafsi na 0.5 kwa sekta ya umma.

Yafaa tuone jinsi dai moja linavyokwenda, kwa sababu hapo ndipo fedha huokolewa au hupotea. Chukua stoo ya vitambaa mtaa wa Mchikichi. Kijana anapandisha jora la kitambaa ghorofa ya tatu kwa ngazi nyembamba isiyo na taa. Mguu unateleza, anaanguka, kifundo kinavimba. Bosi anampa elfu kumi. "Pole, mdogo wangu, nenda kapumzike, ukipata nafuu utarudi." Bosi si katili, na kijana anashukuru. Lakini hakuna kilichoandikwa. Wiki mbili baadaye kifundo kimezidi, kijana yuko hospitali ya Amana, kisha anahamishiwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na sasa ndugu wanauliza nani analipa. Daktari hawezi kuthibitisha kwamba jeraha ni la kazini. Aliyeshuhudia amehamia duka lingine. Mkataba haupo, wala hati ya mshahara. Sheria inamtaka mwajiri aujulishe Mfuko ndani ya siku saba, na madai yawasilishwe ndani ya miezi 12. Hapa siku saba zimepita kwa wema wa elfu kumi.

Katika stoo ya jirani tukio lilelile linakwenda vingine. Kuna daftari la ajali ukutani, msimamizi anaandika saa, mahali na jina la shahidi, kijana anafikishwa hospitali siku hiyohiyo, taarifa inatumwa. Kifundo kinafungwa mapema, na baada ya wiki chache daktari anamruhusu kufanya kazi nyepesi: anakaa kaunta, anahesabu mzigo, hapandi ngazi. Gharama ya stoo ya kwanza ni kubwa mara kadhaa kuliko ya pili, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo imetoka kwenye siku zilizopotea kati ya kuanguka na kutibiwa. Na stoo ya pili ikifungua daftari lake mwisho wa mwaka, itaona kwamba watu watatu wameteleza kwenye ngazi ileile, na itanunua taa. Stoo ya kwanza haina ushahidi kwamba ngazi yake ni mbaya. Mfuko nao uliielewa hoja hiyo, ukawafundisha madaktari wa sehemu mbalimbali za nchi kutathmini ulemavu unaotokana na kazi, jambo ambalo hapo awali liliachwa kwa makadirio.

Kisha gharama ikashuka. Julai 2021 mchango wa sekta binafsi ulipunguzwa kutoka asilimia 1 hadi 0.6, na mwaka 2022 ukafikia 0.5, sawa na serikali. Riba ya kuchelewesha michango nayo ilishushwa kutoka asilimia 10 hadi 2 kwa mwezi. Hapa msomaji ashike kalamu, maana maelezo yanagongana. Elezo la kwanza ni kwamba kazi zimekuwa salama zaidi, hivyo fedha kidogo inatosha. La pili ni la kiuchumi na kisiasa: serikali ya awamu ya sita ilitaka kupunguza tozo kwa wawekezaji, na waajiri walikuwa wameliomba hilo tangu mwanzo. La tatu halipendezi: mfuko hubaki na ziada pia pale ambapo wanaoumia hawadai. La pili halina ubishi. Ugumu uko kati ya la kwanza na la tatu, kwa sababu kwenye mizania ya mfuko mfanyakazi ambaye hakuumia na mfanyakazi aliyeumia akanyamaza wanafanana kabisa. Kinachowatofautisha ni ukaguzi na kumbukumbu, si kiwango cha mchango.

Tena asilimia hiyo ni moja kwa wote. Benki ya mtaa wa Samora na karakana ya kuchomelea Gerezani huchangia asilimia 0.5 sawasawa. Usawa huo ni rahisi kusimamia, na kwa nchi ambayo bado inawasajili waajiri urahisi ni jambo la maana. Lakini umekiacha kando kile kilichofanya mfuko wa Ujerumani uzuie ajali: mwenye hatari nyingi alilipa zaidi, na akiipunguza, ankara yake ikapungua. Mwenye karakana anayenunua kinga leo hapati senti ya nafuu katika mchango wake. Faida yake iko kwenye siku za kazi zisizopotea, na hiyo huiona tu anayeziandika. Siku Mfuko utakapokuwa na kumbukumbu za kutosha, nadhani swali la kutofautisha viwango litarudi, na linastahili kurudi.

Nimemwacha kuli hadi mwisho kwa sababu sheria nayo imemwacha hapo. Yeye hana mwajiri mmoja. Asubuhi anashusha viazi, mchana anapeleka balo la mitumba mtaa wa Kongo, jioni anapakia basi. Analipwa kwa mzigo, kwa hiyo anayekimbia ndiye anayekula, na haraka hiyo ndiyo inayovunja watu. Gunia la mazao kisheria halipaswi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamepambana na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, kwa miaka mingi. Sababu iliyotajwa kila mara ni kumlinda mkulima asipunjwe. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebe kwa mkono zaidi ya kilo 55. Kwa hiyo hata gunia halali ni karibu mizigo miwili mgongoni mwa mtu mmoja, na lumbesa ni zaidi ya hapo. Hakuna sheria moja ingepunguza maumivu ya migongo Kariakoo kwa bei nafuu kama gunia la kilo 50 linalosimamiwa kweli. Simenti huja katika mfuko wa uzito huo, na hakuna aliyefilisika.

Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja la Kariakoo liliporomoka saa za asubuhi, maduka yakiwa yamefunguliwa. Waliokufa walizidi 20. Walionaswa chini walikuwa wafanyabiashara, wasaidizi wao na wateja, wengine wakipiga simu kutoka shimoni kuomba maji na hewa, na serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo. Msaidizi wa duka aliyesajiliwa alikuwa na haki ya fidia siku ile kwa sababu alikuwa kazini; aliyekaa kaunta jirani bila kusajiliwa ilibidi ndugu zake waanze kwanza kuthibitisha kwamba aliwahi kuajiriwa.

Kama una duka katikati ya jiji na umemwajiri hata mtu mmoja, sheria inakutaka umsajili. Kwa msaidizi anayelipwa shilingi 300,000 kwa mwezi, asilimia 0.5 ni shilingi 1,500.